Kupandisha Ng'ombe wa Baba Mkwe

Mkinipata pale soko la Kianjokoma nikikataa viazi vilivyooza, kwa sauti ya chini, na muuzaji ananibadilishia huku anacheka, msifikiri nilizaliwa hivyo. Wajukuu wangu wananiuliza, "Cucu, unafanyaje mpaka mtu anakuambia asante na umemkatalia?" Nawaambia wavute viti. Hadithi yenyewe ina ng'ombe, ina kanisa, na ina baba mkwe wangu, na nikiisimulia bila kucheka basi jueni siku hiyo ninaumwa.

Nilikuwa mpandishaji wa ng'ombe. Wakubwa wetu ofisini walikuwa wanasema uhimilishaji, lakini ukiingia boma la mtu na neno hilo utaletewa chai, utaulizwa habari za Nairobi, na hakuna atakayekuonyesha ng'ombe. Watu waliniita daktari. Mimi si daktari, nina cheti tu, na nilikuwa nikiwaeleza hivyo mpaka nikachoka, maana wakishanisikiliza walikuwa wanasema, "Sawa daktari, tumeelewa."

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Mbegu za madume bora zinakaa ndani ya vimirija vyembamba, na vimirija vinakaa ndani ya mtungi wa baridi kali, ule unaofuka moshi ukiufungua mpaka watoto wanakimbia. Unavaa glavu inayofika begani. Mkono wa kushoto unaingia nyuma ya ng'ombe, wa kulia unashika kifaa, na moyo unaomba asipige teke. Jambo gumu ni wakati. Ng'ombe akianza kutaka dume asubuhi, mpandishe jioni. Akianza jioni, mpandishe asubuhi inayofuata. Ukiwahi sana umetupa mbegu, ukichelewa umetupa mbegu, na mwenye ng'ombe anangoja kama wiki tatu ndipo ajaribu tena. Kwa hivyo kazi yangu yote ilining'inia kwa mtu mmoja kumwona ng'ombe mapema na kuniambia mapema, kwa maneno ambayo mimi ninayaelewa.

Hapo ndipo palipokuwa na vituko.

Mimi ni Kagendo, msichana wa Kangeta. Mama yangu alikuwa anafunga miraa kwa majani ya ndizi na kuuza pale sokoni, na kama mmewahi kupita Kangeta magari yakipakia, mnajua watu wa pale hawanong'oni. Miraa haingoji. Ikikauka imekwisha thamani, kwa hivyo kila mtu anasema anachotaka, anakisema sasa, na anakisema kwa sauti itakayopita honi ya gari. Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Mama akiniomba chumvi, jirani naye anatafuta chumvi yake. Tulikuwa tunagombana asubuhi mpaka kuku wanapanda juu ya paa, na chai ikiiva tumeshasahau. Nilifikiri hiyo ndiyo sauti ya binadamu.

Sasa mchukue msichana huyo, mpe cheti, halafu umpeleke kazi ya kwanza Siakago. Huko chini kuna joto, kuna mbuzi, na kuna watu ambao wakiwa na jambo wanaliangalia kwanza kutoka pande zote. Siku zangu za mwanzo mzee mmoja alileta ng'ombe, nikamwangalia yule ng'ombe, nikamwambia mwenyewe kwa ile sauti ya Kangeta, "Mzee, huyu amekonda, mpe chakula!" Mzee alinitazama, akafungua kamba taratibu, akaondoka na ng'ombe wake bila neno. Nikasema, huyu naye ana kiburi.

Mkubwa wangu alikuwa Mzee Ireri, mtu mrefu mkimya, kofia yake imefifia rangi mpaka huwezi kujua ilikuwa ya nini. Aliniambia, "Hana kiburi. Amefikiri wewe umekasirika, akakuachia nafasi upoe."

"Mimi sikukasirika."

"Najua. Lakini yeye hajui, na ng'ombe ameenda."

Basi nikajifunza kupunguza sauti, na nikaipunguza kupita kiasi. Hili ndilo linalowapata vijana wengi. Mtu anaambiwa asifoke, anaacha hata kusema. Nikawa mtu wa "sawa". Mtu akisema mpandishe sasa, sawa. Mtu akisema njoo Jumapili, sawa. Nikienda Kangeta kusalimia, mama ananishika paji la uso akiuliza kama nina malaria.

Aliyenitoa huko ni Mzee Ireri tena, na hakunipa hotuba. Siku moja alikuja bwana mmoja mwenye tumbo na kelele, ana ng'ombe mzuri wa maziwa, anataka apandishwe hapo hapo. Mimi nilimshika yule ng'ombe nikaona kabisa hayuko tayari. Lakini bwana alikuwa amesimama juu yangu akisema hana wakati wa kuja na kurudi, anajulikana, anaweza kuongea na mkubwa wa mkubwa wangu. Nikaanza kuvaa glavu.

"Vua glavu," Mzee Ireri akaniambia. Akamgeukia yule bwana. "Hapana. Ng'ombe bado. Tutakuja kwako kesho asubuhi."

Halafu akanyamaza. Yule bwana alianza upya, na safari hii alitupitisha kwa jamaa zake wote wenye vyeo. Mzee Ireri alikuwa anampapasa ng'ombe shingoni kama mtu aliyekuja kutembea. Hakununa wala kumkatiza. Bwana aliongea mpaka maneno yakamwishia, akasimama akipumua, na mwisho akauliza, "Kesho saa ngapi?"

"Saa mbili."

Alipoondoka nilimuuliza Mzee Ireri kwa nini hakumjibu yule mtu. Akasema, "Nilimjibu mwanzo. Yale mengine hayakuwa maswali."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini nililiweka neno hilo mfukoni, na nawapa na nyinyi. Sema unachokiona, sema utakachofanya, halafu funga mdomo. Kufunga mdomo ndiyo kazi ngumu zaidi. Mkono ndani ya ng'ombe ni kitu kidogo ukilinganisha.

Nikaolewa Kianjokoma. Mume wangu Nyaga ni mwalimu, mtu mpole, na akikuambia "tutaona" jua ameshakataa tangu juzi. Huko juu kuna baridi, kuna majani chai, na kila boma lina ng'ombe wa maziwa, kwa hivyo nilipata kazi tele. Nilinunua pikipiki, nikafunga mtungi wangu nyuma, nikaanza kujifunza watu upya.

Kulikuwa na wa kuflash. Simu inalia mara moja inakatika, na wewe ujue ni ng'ombe, ni wa nani, na ameanza lini. Kulikuwa na wa kutuma ujumbe wa neno moja, "Kuja." Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akipiga simu analia kabisa, nafika mbio nakuta ng'ombe anakula nyasi, mama anakunywa uji, na ananiambia alitaka tu nisichelewe. Huyo nilimpenda, lakini ilibidi nimkalishe nimwambie, "Mama, ukilia tena nitajuaje kama ni msiba?" Akaniahidi atalia kidogo.

Waliokuwa wengi zaidi ni wale wa langoni, na hawa ndio walionisumbua mwaka mzima kabla sijaelewa. Unaitwa. Unafika, unapewa chai na ngwaci, viazi vitamu vya huku, mnaongea juu ya mvua, juu ya majani chai yalivyoungua na baridi, juu ya mtoto wa fulani aliyeoa. Unangoja uambiwe habari ya ng'ombe, hakuna. Unaaga. Mimi na haraka yangu ya Kangeta, nilikuwa naruka kwa pikipiki pale pale mlangoni mwa nyumba, nawasha, naondoka, mwenye boma anabaki ameinua mkono. Siku ya pili nasikia wananisema, yule daktari hasaidii watu.

Mama mkwe wangu, Mama Wanjira, ndiye aliyenifumbua macho. "Unaondokea mlangoni?" akaniuliza, kama mtu aliyesikia nimekula nikiwa nimesimama kwa kichwa. "Mgeni anasindikizwa. Jambo lenyewe linasemwa pale langoni, akitoka." Nikajaribu. Nikawa nasukuma pikipiki kwa mkono, taratibu, tunatembea na mwenye boma, na kweli, tukifika langoni mtu anakohoa, anashika nguzo ya lango, anasema, "Halafu daktari, kuna huyu mtamba wangu." Kumbe neno lilikuwa tayari siku zote. Mimi ndiye niliyekuwa naliacha nyuma kwa vumbi.

Kwa hivyo nikawa hodari. Mitamba wa Kianjokoma wakawa wanazaa, watu wananisifu, na mimi natembea kifua mbele. Isipokuwa boma moja, na boma hilo lilikuwa la baba mkwe wangu.

Mzee Njeru alikuwa na ng'ombe mmoja anayeitwa Kairu, mweusi mzima na kidoa cheupe kwenye paji. Mama mkwe alimlea kwa chupa baada ya mama yake kufa akimzaa, akamlaza jikoni karibu na moto siku za baridi, na hadi leo ukimwambia Kairu ni ng'ombe tu hutapewa chai ya pili. Basi huyu Kairu alikuwa hashiki mimba. Kila mara nampandisha, na kila mara anarudi kutaka tena.

Na mimi nilijua sababu. Ng'ombe hakuwa na shida yoyote. Shida ilikuwa nthoni, ile heshima ya wakwe. Baba mkwe na mke wa mtoto wake hawataji mambo fulani mbele ya kila mmoja, na jambo la ng'ombe kutaka dume liko juu kabisa ya orodha. Mzee Njeru hangeweza kutamka neno hilo mbele yangu hata ungemwekea panga shingoni. Alikuwa anamwona Kairu ameanza, yeye ndiye anayemlisha kila alfajiri, halafu anakaa nalo. Likimzidi anamwambia mama mkwe, "Huyu ng'ombe leo anaimba." Mama mkwe anangoja Nyaga apite kutoka shuleni. Nyaga naye anafika nyumbani, anakula, anasahihisha vitabu, na kesho yake ananiambia, "Baba amesema kama utakuwa na nafasi upite." Nikifika, Kairu amemaliza kuimba zamani, anatafuna, ananiangalia kama ninayemdai kitu.

Wakati mwingine Mzee alijaribu zaidi. Alituma habari kwamba Kairu hajisikii vizuri, nikaja na dawa ya minyoo. Nikamnywesha yule maskini dawa ya minyoo siku ambayo alikuwa anataka kitu kingine kabisa. Mzee alisimama nyuma ya ghala akitazama, akaona kila kitu, na hakusema neno.

Na mimi nilikuwa afadhali? Wapi. Nilikuwa nafika namkuta amepita wakati, najua amepita, na nampandisha hivyo hivyo, kwa sababu utamwambiaje baba mkwe hapana? Mtoto wangu wa kwanza ana jina lake. Kwake mimi ni mama Njeru, ninayeinama nikimsalimia. Yule Kagendo aliyekuwa akiwakatalia wenye vyeo alikuwa anaachwa pale nje na pikipiki.

Wanawake pale tunapouzia majani chai wakaanza kunichokoza. "Mama Njeru, wa watu wanazaa, wa kwenu anaimba tu." Tulikuwa tunacheka wote, lakini lilinichoma.

Halafu likaja la kuchoma zaidi. Mzee alichoka. Ng'ombe asiyezaa hatoi maziwa, na mwenye bucha alikuja, akamzunguka Kairu, akamfinya mgongo, akasema mwezi ukiisha atamchukua. Nilikuwepo. Mama mkwe aliweka chini sufuria aliyoshika, akaenda akakaa jikoni mahali alipokuwa akimlaza Kairu akiwa ndama, na hakutoka mpaka yule mtu alipoondoka. Nikahesabu kichwani. Kabla ya mwezi kuisha Kairu angetaka mara moja tu. Nikikosa hiyo, amekwenda, na mimi ndiye daktari.

Nikampigia mama Kangeta. Akaniambia, na nafikiri watu wa mji jirani wa Maua pia walimsikia, "Si umwambie tu huyo mzee! Kwani hana masikio?" Mama yangu nampenda, lakini ningefanya vile Mzee Njeru angehamia kwa ndugu yake. Nikamwambia Nyaga aongee na baba yake. Akasema, "Nitamwambia." Nikamtazama, akanitazama, wote wawili tukajua hatamwambia.

Usiku ule nikawaza, huyu mzee anashindwa kuniambia wapi? Kila mtu wa Kianjokoma ananiambia langoni. Na yeye je? Yeye hajawahi kunisindikiza mpaka langoni. Mimi ni mtu wa nyumbani, naingia kwa mlango wa jikoni, naosha vikombe, natoka kwa mlango wa jikoni. Hakuna anayemsindikiza mke wa mtoto wake. Maskini Mzee, hakuwa na mahali pa kusemea.

Asubuhi nikavaa koti langu la kazi na gambuti, nikawasha pikipiki, na nilipofika kwao nikaizima nje ya lango. Nikasimama hapo nikaita, "Hodi."

Mama mkwe alitoka akijipangusa mikono. "Mama Njeru, unabisha hodi kwenu?"

"Leo si mama Njeru, mama. Ni daktari amekuja."

Alinitazama gambuti mpaka kichwa. Mama Wanjira ana akili ya haraka kuliko yeyote ninayemjua. "Karibu daktari," akasema, na akaita kwa sauti, "Baba Nyaga, una mgeni."

Nikaingiza pikipiki uani, nikakalishwa sebuleni, kwenye kiti chenye kitambaa. Vikombe vya maua vikatolewa, vile ambavyo mimi ndiye huvipangusa Krismasi. Mama mkwe akanimiminia chai mimi, na vidole vyangu vikawa vinawasha kwa kutaka kuinuka nioshe kitu. Mzee Njeru alikaa upande wa pili akiangalia kalenda ukutani. Tukaongea juu ya mvua. Tukaongea juu ya majani chai. Nikamaliza chai nikasimama, nikasema, "Basi mimi niende."

Mama mkwe akamtazama mumewe. Mgeni amesimama, amekunywa chai, anaondoka. Mtu atafanya nini? Mzee Njeru akachukua fimbo yake, akatoka na mimi.

Nilisukuma ile pikipiki polepole kuliko siku zote. Tulifika langoni. Akaishika nguzo, akaitikisa.

"Hili lango linataka bawaba," akasema.

"Ndiyo, baba."

Akaangalia barabara juu, akaangalia barabara chini. "Daktari," akasema. Hakuwa ameniita hivyo hata siku moja. "Yule ng'ombe."

"Ndiyo."

"Mama Nyaga atalia."

Nikakumbuka Mzee Ireri. Nikaishika pikipiki kwa mikono miwili, nikasema kwa sauti ya kawaida. "Baba, Kairu hana ugonjwa. Mimi nasikia habari akiwa ameshamaliza. Mara ijayo akianza nataka unipigie simu wewe mwenyewe, saa ile ile unapomwona. Usitume mtu. Na nikikuta wakati si wake nitasema hapana, hata kama ni wewe."

Halafu nikanyamaza. Vijana, nyamazeni na nyinyi siku moja mbele ya baba mkwe muone. Nilikuwa na "samahani" kinywani, nilikuwa na "kama hutajali", nilikuwa na "si lazima baba", zote zinasukumana kutoka. Nikang'ata ulimi. Ndege akalia kwenye mti wa mgrivilea, akalia tena.

"Nimesikia," Mzee akasema, akageuka akarudi.

Na "nimesikia" ya Kianjokoma inaweza kuwa ndiyo, inaweza kuwa hapana, inaweza kuwa nimesikia tu. Kwa hivyo nikangoja. Simu nilikuwa nalala nayo kama mtoto mchanga. Siku zikapita, mwenye bucha akatuma salamu, simu ya Mzee haikuja.

Jumapili ikawa siku ya akina mama kanisani. Mimi ni wa kwaya, tulikuwa tumevaa sare mpya ya zambarau, na simu, kwa sababu ni kanisani, nilikuwa nimeizima. Mhubiri alikuwa katikati ya mahubiri mlango wa nyuma ulipofunguka akaingia Mzee Njeru.

Lazima mjue Mzee alikuwa hajakanyaga kanisa lile tangu wazee wa kanisa wahamishe benchi lake kutoka dirishani. Ilikuwa miaka. Mhubiri alikuwa anamwombea kwa jina. Sasa huyu hapa, ana gambuti za zizini, tope mpaka magotini, anahema, amevua kofia. Kanisa lote likageuka. Mhubiri akafumba macho akasema, "Bwana asifiwe." Mama mmoja akapiga kigelegele. "Njoo mbele, Mzee wetu," mhubiri akasema, "njoo, usiogope," na Mzee Njeru, kwa kuwa mbele ndiko kwaya iliko, akaja mbele. Watu wakaanza kupiga makofi. Mzee wa kanisa, machozi yanamlengalenga, akamwekea maikrofoni mkononi.

Mzee Njeru akaishika kama aliyepewa mtoto wa jirani amshikie. Akatutafuta kwenye kwaya mpaka akaniona.

"Mama Njeru," akasema, na spika zile za nje zikalipeleka mpaka sokoni. "Nimekupigia. Umezima simu."

Makofi yakaisha.

"Kairu anataka. Ameanza alfajiri, nimemwona mimi mwenyewe." Akapumua. "Anataka dume. Ulisema nisitume mtu."

Nikasikia mtu akiangusha sadaka. Mama mkwe alikuwa amefunika uso kwa kitabu cha nyimbo, na mabega yanaruka. Nyaga alikuwa anaangalia dari kama anayehesabu mbao. Mhubiri alifungua mdomo, akatafuta neno, na neno pekee alilolipata lilikuwa "Amina."

Nilikuwa nimesimama. Sikumbuki nilisimama saa ngapi. "Nimesikia, baba. Nitakuja jioni."

"Si sasa?" akauliza, kwa maikrofoni.

Na hapo macho yote yakahamia kwangu, ya wakwe, ya wateja, ya wale wanawake wa majani chai. Mzee ametembea kutoka bonde la pili na tope lake. Amelisema neno ambalo hajawahi kulisema. Ningesema twende tu, baba, nani angenilaumu?

"Hapana, baba," nikasema. "Ameanza alfajiri, wakati wake ni jioni. Tukienda sasa tutampoteza."

Nikanyamaza. Mzee Njeru alifikiri. Akafikiri, na maikrofoni ikatupa pumzi zake zote kanisani.

"Jioni saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

Akarudisha maikrofoni. Akaangalia mlango, akaangalia saa ya ukutani, akaona kuna muda, akaenda akalitafuta benchi lake pale lilipohamishiwa, akakaa. Hapo ndipo kanisa lilipopasuka. Watu walicheka mpaka watoto wadogo wakaanza kulia. Mhubiri alicheka akishika mimbari, na mahubiri hayakurudi tena siku ile, tukaimba tu mpaka saa ya kwenda.

Saa kumi na moja nilikuwa zizini. Mzee alimshika Kairu kichwa, na mama mkwe alishika mkia, na hakuna aliyeona aibu, kwa sababu aibu yote ilikuwa imebaki kanisani. Mwenye bucha alichelewa kidogo, na alipokuja na kamba yake wiki tatu zilikuwa zimeshapita bila Kairu kuimba tena. Mama Wanjira alimkuta langoni. "Hapana," akamwambia. "Amebeba." Halafu akanyamaza, na mimi nikiwa jikoni naosha vikombe nilikaribia kuangusha kimoja kwa furaha. Kairu akazaa mtamba, mweusi na kidoa chake, na mama mkwe akalia kama ilivyotabiriwa, ila kwa sababu nyingine.

Mzee Njeru bado yuko hai, amezeeka sana, anatembea na fimbo mbili. Nimestaafu, mtungi wangu nilimpa msichana mmoja wa huku anayejua kufunga mdomo. Lakini nikienda kwao, hata kama nimeenda kuchukua ndizi tu na nimepitia mlango wa jikoni, nikisema naenda Mzee anainuka. Anachukua fimbo zake, anatoka na mimi polepole mpaka langoni, anashika nguzo. Siku nyingi hana neno lolote. Basi tunasimama hapo mimi na yeye, tunaangalia barabara, na mimi siwashi pikipiki.